Klachi ya Maalim Burhani

Walisema sitaweza. Fundi Salum, aliyenifundisha kazi, alisema mbele ya wateja kwamba mkono uliozoea kung'oa mihogo ya Makunduchi hautajua kufunga nati bila ya kuiharibu. Sonara Jivan, ambaye duka lake lilitazamana na gereji yetu pale Mchangani, alisema siku nitakayokwenda Mombasa kusoma ufundi yeye atafunga duka auze njugu. Athumani wa baiskeli hakusema mengi; alicheka tu, na kicheko chake kiliniuma kuliko maneno ya wale wawili. Nayaandika haya nikiwa nyumbani kwangu Mpendae, nyumba ya ghorofa niliyoijenga kwa jasho langu, na ukutani mbele yangu ipo diploma yangu ya uhandisi wa mitambo, ndani ya fremu ya mvule. Sikuwa na mjomba serikalini wala baba mwenye shamba la karafuu. Nimefanya kazi katika bandari tatu, nimekuwa na mafundi arubaini chini yangu, na niliporudi Unguja baada ya miaka mingi ya ugenini sikurudi na begi la nguo kuukuu kama wengine. Nayasema mapema ili msomaji ajue kwamba anayesimulia si mtu aliyeshindwa. Maana yatakayofuata huenda yakamfanya afikiri hivyo.

Mwezi uliopita Fundi Salum alifariki, mzee wa miaka tisini na kitu, nami nikaenda kwenye khitma yake Kikwajuni. Nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mahali pa watu waliokuja kwa heshima, si kwa udugu. Tulipomaliza kusoma ikaletwa kahawa na halwa, na mazungumzo yakaanza kama yanavyoanza siku zote, kwa sifa za marehemu, yakaishia kwenye visa vyake. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua iliyofifia akasema, "Jamani, mnaikumbuka ile skuta ya Maalim Burhani?" Wenzake wakaanza kucheka hata kabla hajamaliza. "Klachi ya Salum!" akasema mwingine, kashika ubavu. "Mungu amrehemu. Ilimrusha Maalim juu ya machungwa!" Miaka hamsini imepita, na mji huu bado unamcheka mtu kwa klachi moja. Nilipokuwa natafuta viatu vyangu, binti wa marehemu, Bi Zuhura, akaniita kutoka nyuma ya pazia. "Bwana Pandu, ahsante kuja. Baba alikuwa hapitishi wiki bila ya kukutaja. Kila fundi aliyemwona akimwambia, miye Pandu wangu ana diploma." Nikasema Mungu amlaze pema, nikavaa viatu. Njia nzima hadi Mpendae nilikuwa na hasira, na nilipofika nyumbani bado sikujua hasira ile ilikuwa ya nani.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na umri wa miaka ishirini, na karafuu zilikuwa zimezaa kama hazikupata kuzaa. Nilipanga kwa Bi Mgeni, Kisimamajongoo, chumba cha uani chenye dirisha dogo na kitanda cha kamba ambacho mguu wake mmoja ulisimama juu ya tofali. Bi Mgeni alikuwa mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Asubuhi alikwenda kwenye maghala ya Malindi kuchambua karafuu pamoja na wanawake wenzake, karafuu upande huu, vijiti vyake upande ule. Vijiti hivyo, yaani makonyo, vilikwenda kukamuliwa mafuta, na kila nyumba ya Unguja ilikuwa na kichupa chake cha mafuta ya makonyo. Yalikuwa dawa ya jino, dawa ya goti na dawa ya kutu kwenye cherehani, na lau si kuwasha kwake watu wangeyatia kwenye chai. Mchana wachambuaji watatu au wanne walirudi na Bi Mgeni, wakala pamoja uani, muhogo wa nazi na papa mkavu, nami nikapewa sahani yangu kando, mgongo ukutani, nikisikiliza yasiyonihusu. Mji mzima ulinuka karafuu. Zilianikwa kwenye majamvi mpaka ukingoni mwa barabara, zikaingia kwenye nguo, kwenye mito, kwenye mate. Baada ya wiki mbili pua ilikufa ganzi na hukuisikia tena harufu ile, kama mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake mwenyewe.

Gereji ya Fundi Salum ilikuwa chumba kimoja cha mawe na ua wenye mti wa mkungu. Zana zake zilining'inia ukutani, na nyuma ya kila moja alikuwa kachora umbo lake kwa rangi nyeusi, ili ikikosekana ajue kwa kutupa jicho mara moja. Alikuwa fundi hodari, sitamnyima hilo. Lakini mwaka mzima hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Mkae!" angeita, maana watu wa Makunduchi mjini huitwa Wakae, nami ningeitika, "Naam, fundi," na yeye angesubiri nifike karibu kabisa ndipo aseme, "Nshasahau nlichotaka." Mchana aliletewa bakuli la wali kutoka kwake. Alikula peke yake, taratibu, kisha akanisogezea ukoko uliobaki chini. Niliula. Nina njaa, nifanye nini? Nimekula katika hoteli kubwa za nchi tatu, na ukoko ule bado umekwama kwenye meno yangu.

Maalim Burhani alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mrefu, mpole, mwenye skuta ya kijivu iliyokuwa fahari ya mtaa. Alikuwa pia mmoja wa waliochagua vijana wa kwenda chuo cha ufundi Mombasa. Mimi nilikuwa na fomu. Nilikuwa nimeijaza kwa wino, kwa mwandiko wangu bora, na ilibaki sahihi moja tu, ya mtu anayejulikana atakayesema huyu anaijua kazi. Nilimpelekea Fundi Salum. Aliitazama, akafutia vidole vyake vya grisi pembeni mwa karatasi, akanirudishia. "Nitie sahihi yangu kwa nani? Kwa weye?" Basi fomu ile ikakaa chini ya mto wangu ikiwa na doa, na mimi nikaendelea kuosha vyuma.

Ndipo skuta ya Maalim ilipoletwa kufunguliwa injini. Fundi Salum akatia ringi mpya na beringi mpya, na klachi akaitengeneza upya kwa mikono yake. Kwa asiyejua, klachi ni kama watu wawili walioshikana mikono, injini na gurudumu. Ukivuta kishikio, mikono inaachana, unatia gia. Ukiachia, inashikana tena, chombo kinakwenda. Kinachoshika ni pleti za chuma zenye matundu, na ndani ya kila tundu kimepachikwa kipande cha duara cha gome lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Siku mbili alikata vizibo vile kwa wembe, akavipachika, akavisugua kwa msasa mpaka vikalingana. Alhamisi, kabla ya kufunga gereji, akanikabidhi pleti.

"Zioshe kwa mafuta ya taa, uzifute, kisha uzilaze kwenye oili ya injini mpaka Jumamosi, zinywe zishibe. Umesikia, Mkae?"

"Nimesikia, fundi."

"Nimesema nini?"

"Mafuta ya taa, kisha oili."

"Na usizidishe lako."

Nilizidisha langu. Pleti zilikuwa na madoa ya kutu, kama kila chuma kinachokaa karibu na chumvi, na mafuta ya taa hayakuyatoa. Bi Mgeni akaniona nimechutama uani kwake nasugua. "Kutu hiyo? Shika, mwanangu. Makonyo hula kutu kama mchwa alavyo mlango." Nikamimina nusu chupa, nikaziacha humo Ijumaa nzima, nikaenda kuoga na kusali. Niliporudi zilikuwa zinang'aa kama bakuli la bibi harusi. Nikazifuta, nikazilaza kwenye oili ndani ya kopo la biskuti la Bi Mgeni, na Jumamosi nikaingia gerejini na kopo langu kichwa juu. Fundi Salum akafunua kifuniko. "Zimeng'aa," akasema. Hilo ndilo neno jema pekee nililopata kwake mwaka ule, nami nililibeba siku mbili kama mtu aliyepewa nishani. Akazipanga mwenyewe, akafunga mwenyewe. Kopo likabaki kwenye rafu yake.

Jumatatu Maalim alikuja kuchukua chombo chake, kanzu nyeupe, kofia mpya. Injini ikawaka kwa teke moja, sauti tamu. Akavuta kishikio cha klachi mpaka mwisho, akatia gia, na skuta, badala ya kusubiri, ikaruka kama mbuzi aliyechomwa mwiba. Ikavuka njia na Maalim juu yake, ikaingia kwenye fungu la machungwa la muuzaji aliyekuwa mbele ya duka la Jivan. Maalim akakaa juu ya machungwa. Mtaa mzima ukacheka, na Maalim mwenyewe akajaribu kucheka, huku maji ya machungwa yanamchuruzika kwenye kanzu. Fundi Salum hakucheka. Alinipiga usoni kwa kitambaa cha grisi.

"Huyu Mkae! Kapanga pleti kama anapanga mihogo!"

"Sikupanga miye, fundi," nikasema. "Umepanga weye."

Ilikuwa kweli, na kila mtu alijua ni kweli, maana fundi hakumruhusu mtu kufunga klachi. Akaninyooshea kidole njiani. "Toka gerejini kwangu."

"Na hii nani ataifungua?" akauliza Maalim, akijipangusa.

"Miye," nikasema.

Jivan akapiga kofi mlangoni kwake. "Huyu? Akiweza huyu, mimi nafunga duka nauza njugu, nshasema!"

Maalim akamaliza kujipangusa. Alijua habari ya fomu. Nilikuwa nimekwisha kumlilia. "Fomu zinaondoka na meli ya Jumamosi, Pandu. Ijumaa baada ya sala nitapita. Klachi ikiachia, nakutilia sahihi mimi mwenyewe. Isipoachia, rudi kwenu ukalime, na usinifuate tena." Fundi Salum akatema mate chini ya mkungu. "Ua nakuachia," akasema. "Zana zangu usiguse. Hata msumari."

Hivyo ndivyo nilivyopita kuomba. Athumani wa baiskeli alinipa spana tatu na kicheko chake juu. Jivan alinipa tupa ndogo ya kusugulia dhahabu, nadhani kwa ajili ya kupata cha kutazama wiki nzima. "Ukivunja ncha yake utanilipa kwa jino lako la mbele," akasema. Nilitaka pia kitu kilichonyooka kabisa, cha kupimia pleti kama zimepinda, na mjini kitu kinyoofu kuliko vyote ni kioo. Bi Mgeni alikuwa na kimoja tu, cha kujitazamia, kilichotundikwa juu ya kitanda chake. "Nami nitajitazama wapi?" akauliza. Kisha akakitungua mwenyewe. "Haya chukua. Kwa umri huu sina jipya la kuona."

Jumanne nikaanza na waya wa klachi, maana mwenye akili huanza nje kabla ya kuvunja mlango. Nikaukaza, nikaulegeza, nikatia grisi. Haikuachia. Nikavua gurudumu la nyuma na kifuniko. Nati ya klachi ina meno manne na hufunguliwa kwa ufunguo maalumu, na ufunguo ule ulikuwa unaning'inia ukutani kwa fundi, hatua nne kutoka nilipokaa. Nikachukua kipande cha bomba, nikakichonga meno kwa tupa ya sonara tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na nati ikafunguka. Huo ulikuwa ufunguo wangu wa kwanza kuubuni, na walimu wangu wa Mombasa nilipowaeleza hawakuamini. Pleti ziliachana kwa shida, kama mikate ya samli iliyopoa, nikadhani ni uzito wa oili tu. Nikazilaza juu ya kioo cha Bi Mgeni, nikachungulia chini ya kila moja. Chuma kilikuwa kinyoofu. Nikatazama kikombe kinachozibeba, nikaona kingo zake zina vijino vidogo vya kuchakaa, nikavisugua mpaka kidole kikapita bila ya kukwaruzwa. Nikabana springi kwa bolti na vipande viwili vya ubao, nikafunga, nikawasha. Jumatano jioni klachi ilikuwa imeshika vile vile. Fundi Salum alikuwa amekaa kwenye kibao chake na kikombe cha kahawa, kama mtu aliyekata tiketi.

"Bado inashika, Mkae?"

"Bado, fundi."

"Itashika mpaka Kiyama."

Alhamisi mchana nilikwenda kula kwa Bi Mgeni, si kwa njaa bali kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kujaribu. Wachambuaji walikuwa kwenye jamvi. Bi Mgeni alikuwa anavutana na kichupa chake cha makonyo, anataka kujipaka magoti, na kichupa hakifunguki. Mwenzake mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume, akamnyang'anya akakitazama. "Umeziba kwa nini hapa?" akasema. "Umeziba kwa kizibo cha chupa! We Mgeni, umezaliwa lini? Makonyo hayazibwi kwa kizibo. Huvimba, hulainika, kisha huganda shingoni kama mkwe aliyekuja kutembea asiyetaka kuondoka. Ziba kwa kitambaa." Wakacheka wote. Mimi nilikuwa na kipande cha muhogo mkononi. Nakumbuka nilikirudisha kwenye sahani taratibu sana, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Niliondoka bila ya kunawa.

Gerejini nilifungua tena. Nikachoma kizibo kimoja kwa ukucha, ukucha ukazama. Vyote vilikuwa vimevimba, vimekuwa kama ulezi uliopikwa, na nyuso zake zinanata. Nilinusa, sikusikia kitu. Pua yangu ilikuwa na miezi ya karafuu ndani yake. Lakini nilijua. Klachi ya Fundi Salum haikuwa na kosa. Alikata sawa, akapachika sawa, akapanga sawa. Mwenye kosa alikuwa mimi, na nusu chupa ya mafuta ya goti.

Nilifanya kazi siku ile kama sikupata kufanya kabla wala baadaye, na nimefanya kazi nyingi. Nilikwenda Shangani, nyuma ya baa ya Wagoa, nikaomba vizibo vilivyotupwa, nikavificha ndani ya gazeti nisije nikaonekana kijana wa Kiislamu ninatoka pale. Nikavikata kwa wembe, nikavipachika, nikatandika msasa juu ya kioo cha Bi Mgeni nikavisugua mpaka vikalingana, nikaviosha kwa mafuta ya taa peke yake, nikavilaza kwenye oili. Vizibo vilivyovimba nilivikusanya kiganjani. Fundi Salum alikuwa amekwenda kusali alasiri. Nikavitupa kwenye mtaro wa nyuma ya gereji, nikanawa mikono.

Ijumaa asubuhi nikafunga klachi, na baada ya sala watu walikuja kama wanaokuja kwenye ngoma. Nikawasha. Nikavuta kishikio, nikatia gia, na skuta ikasimama kimya chini yangu, gurudumu limetulia, kana kwamba inasubiri ruhusa. Nikaachia kidogo kidogo, ikaondoka. Nikazunguka mkungu mara mbili. Athumani hakucheka. Maalim Burhani akapanda, akaenda mpaka Mangapwani kuijaribu, akarudi kabla ya alasiri, kanzu safi. "Laini kabisa," akasema. Kisha akaniuliza, kwa sababu alikuwa mwalimu na walimu hawaachi kuuliza, "Na kosa lilikuwa wapi?"

Nimejibu maswali ya wahandisi wa Kizungu bila ya kutafuta maneno. Siku ile niliyatafuta. Fomu ilikuwa mkononi mwangu, imeshakunjuliwa. Fundi Salum alikuwa mlangoni, kitambaa begani. Mtu aliyeharibu kwa mkono wake mwenyewe, nani atamtilia sahihi kwamba anaijua kazi?

"Vizibo, Maalim," nikasema. "Vilikuwa vinene. Vilikatwa vibaya."

Kila mtu alijua nani alivikata. Jivan akapiga mluzi. Nilimwona Fundi Salum akifungua kinywa, na nikangoja, na mpaka leo naweza kusema ile ilikuwa pumzi ndefu kuliko zote nilizowahi kuvuta. Akafunga kinywa. "Basi," akasema, akaingia ndani. Maalim akaweka fomu juu ya kiti cha skuta, akatia sahihi.

Kicheko cha mji hakina haraka. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanamwuliza Fundi Salum kama anauza machungwa. Mwezi wa pili wenye skuta, na walikuwa wanaongezeka, walipita mbele ya gereji yake wakaenda kwingine. Niliporudi miaka mingi baadaye, na diploma yangu na gari ya kazi, nilimwona amekaa kwenye baraza moja ya Mchangani, anazibua majiko ya mafuta ya taa. Dereva wangu akapunguza mwendo kwa sababu ya watu. Nilimwambia aendelee. Nilijiambia kwamba alinipiga kwa kitambaa, kwamba alinilisha ukoko, kwamba hakunipa hata msumari. Yote yalikuwa kweli, na kwa miaka yote ile nimeyatumia kama mtu anavyotumia vocha aliyokwisha kulipwa.

Narudi kwenye mwaka ule. Jibu la Mombasa lilikuja, nimekubaliwa. Siku ya kuondoka niliamka na nia moja, kwamba nisiache mjini kitu cha mtu. Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu, na mimi nilitaka waone. Athumani nilimrudishia spana zake ndani ya kikapu cha maembe. Akazihesabu, akasema, "Kumbe Mkae ni mtu kweli," na safari hii hakucheka. Jivan nilimpelekea tupa yake, ncha kamili, imefungwa pamoja na pakiti ya njugu. Nilimwambia, "Bwana Jivan, hizi za kuanzia biashara." Akazitazama, akazichukua, akazila mbele yangu moja moja. Bi Mgeni nilimrudishia kioo na ratili ya sukari. Akakitundika mahali pake, akajitazama, akasema, "Yule yule." Kisha akasema, "Na kopo langu la biskuti?"

Nilikuwa nimelisahau. Lilikuwa kwenye rafu ya Fundi Salum tangu Jumamosi ile. "Kalichukue," akasema Bi Mgeni, "utie mikate ya njiani. Liwe lako. Lakini usiondoke ukimwachia mtu deni."

Nikaenda. Gereji ilikuwa na baiskeli moja tu, imegeuzwa juu chini. Nilimkuta anafagia. Nikamwambia nimefuata kopo. Hakushangaa, akaingia ndani akatoka nalo, limefutwa, limefungwa kwa kamba ya katani.

"Umemrudishia kila mtu chake?" akauliza.

"Kila mtu, fundi."

"Na mimi nlikuazima nini?"

"Hukuniazima kitu. Ulinikataza hata msumari."

"Vyema," akasema. Akaniwekea kopo mikononi. "Chombo hakirudishwi kitupu. Nenda, Pandu. Meli haingoji."

Nilifika hatua kumi ndipo nikagundua ameniita kwa jina langu, nikafurahi, mjinga mimi, nikaona nimemshinda. Kopo lilikuwa jepesi na ndani yake kitu kilitikisika kidogo. Nilidhani kanitilia kaimati za kula njiani.

Pale forodhani karani wa ushuru alinisimamisha. Hakuwa ameangalia begi langu. Alikuwa anavuta pua. Alikuwa amerudi juzi kutoka likizo ya bara na pua yake ilikuwa hai. "Weye, una karafuu humo?" akasema. "Karafuu haitoki bila ya karatasi." Nikamwambia ni vyakula. Akakata kamba, akafunua kifuniko. Ndani, juu ya gazeti safi, vilipangwa vizibo vyangu, vile nilivyovitupa mtaroni, vimeoshwa matope, vimekauka vikiwa vimevimba hivyo hivyo, na harufu ya makonyo ikapanda ikanipiga hata mimi. Hapakukosekana hata kimoja. Akanusa, akachukua kimoja, akakigeuza. "Nini hivi?"

"Vizibo vya klachi," nikasema. "Ya skuta."

"Mbona vinanuka makonyo?" Akafikiri kidogo, kisha uso ukamchanua. "Kaviosha kwa makonyo! La ilaha! Fundi gani huyo, anayeosha klachi kwa dawa ya goti?" Wapagazi wakageuka kusikiliza. Kwenye ukuta nyuma yake saa ilikuwa imesema saa tatu na nusu, na meli ilikuwa ya saa tano. Kutoka pale hadi Mchangani ni mwendo wa dakika kumi. Nilikuwa nimemlipa kila aliyeniazima, tiketi ilikuwa mfukoni, fomu ilikwisha kupita, na hapakuwa na mtu wa kuninyang'anya chochote. Karani alikuwa anangoja, kizibo mkononi, tayari kucheka.

Nikamtajia jina la Fundi Salum.